Matundu Manne ya Afisa

Miaka ile hakuna mtu wa Koboko aliyesifiwa kwa wembamba. Ukimwambia mtu sokoni "mbona umepungua," umemtukana, na usishangae akikuuliza ni nani aliyekutuma. Ugonjwa ulikuwa umeingia, huu ambao redio inauita UKIMWI na sisi Uganda tuliuita silimu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumkausha mtu. Kwa hiyo mnene alikuwa salama na mwembamba alikuwa mshukiwa. Na mimi Kiden ni mwembamba. Nimezaliwa hivi, mama yangu alikuwa hivi. Nikila mbuzi mzima, huyo mbuzi hajulikani alikopotelea. Lakini nenda kawaeleze wanawake wa soko la Koboko, wanaokupimia simsim huku macho yao yako kwenye mifupa ya shingo yako.

Mke mwenzangu Afisa hakuwa na taabu hiyo. Afisa alikuwa mnene wa kweli, na akiketi kwenye benchi ya kibanda chake cha chai wengine walisimama bila kuambiwa. Madereva wa malori pale Oraba, mpakani, walimwita Mama Trela. Mwanamke mwingine angewamwagia maji ya vyombo. Yeye alicheka mpaka kilemba kikalegea, kisha akawaongezea nyama.

Ili umwelewe lazima ujue alikotoka. Alizaliwa Dranya, jirani na Koboko, binti wa askari, akaolewa na Sulaimani aliyekuwa dereva wa jeshi. Mwaka sabini na tisa, serikali ilipoanguka, familia za wanajeshi kama yao hazikungoja kuulizwa maswali. Walivuka kwenda Sudan na walichoweza kubeba. Mimi Sulaimani alinioa huko huko, upande wa Kaya, nikiwa msichana, kwa hiyo Afisa wa kwanza niliyemwona hakuwa Mama Trela. Alikuwa mwanamke wa mifupa mitupu, maziwa yamemkauka, mtoto wake Yangi analia mgongoni, naye anachemsha majani ambayo hata jina lake hatukulijua. Tuliporudi nyumbani baada ya miaka, shangazi yake alipishana naye kwenye njia ya Dranya akamwamkia kama mgeni. Siku hiyo Afisa aliniambia kwamba hatakonda tena, hata Mungu amwombe. Nikamwambia aseme astaghfirulahi. Akajibu kwamba atasema akishashiba.

Akatimiza ahadi. Alianza na chai na chapati kwa madereva, akaongeza nyama ya mbuzi, kisha mafuta ya kupikia, sabuni na mablanketi. Kila biashara ilipoongezeka naye aliongezeka. Mimi nilipika naye, nikagombana naye juu ya chumvi, juu ya sufuria, juu ya zamu za mume. Sitawadanganya kwamba tulipendana kama ndugu wa tumbo moja. Tulivumiliana, na siku nyingine hata hilo lilikuwa kazi.

Katikati ya miaka ya tisini maumivu yakaanza. Yalimshika chini ya mbavu za kulia kila alipokula kitu chenye mafuta, na Afisa hakuwa na chakula kisicho na mafuta. Yalipanda mpaka mgongoni, akatapika kijani. Mmoja alisema amerogwa na wenye vibanda wa Oraba. Mwingine alisema ni vidonda vya tumbo, anywe maziwa. Alikunywa maziwa, akachanjwa chale, akafukizwa moshi, na bado alikuwa anajikunja sakafuni. Kisha Sulaimani akasikia redioni kwamba katika hospitali moja ya Arua wamekuja madaktari wageni wanaopasua tumbo kwa matundu madogo tu, na kuchungulia ndani kwa kamera. Sulaimani hajawahi kukutana na mashine asiyoipenda. Alisema tunakwenda.

Tulikwenda kwa pikapu, Afisa mbele kwa dereva, mimi nyuma juu ya magunia na sigiri yangu ya makaa na sufuria, kwa sababu kwetu mgonjwa haendi hospitali bila mtu wa kumpikia na kumfulia. Mtu huyo akawa mimi. Sijui nani aliamua. Nafikiri nilipanda tu.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Drateru. Kwa Kilugbara hilo ni jina la mtu anayengojea kifo. Wazazi hulitoa nyumba inapokuwa imezika wengi. Afisa, ambaye biashara ilimfundisha Kilugbara, alilisikia akanigeukia.

"Kiden, hakuna sista mwingine?"

"Huyu iko na mikono safi," nikamwambia. "Lala."

Drateru alituambia kwamba Afisa ana mawe ndani ya kifuko cha nyongo, na kwamba kifuko chote kitatolewa. Siku hiyo hiyo wangempasua pia mzee mmoja wa Adumi, jina lake Severino, mwenye mawe kama ya Afisa. Mkewe Candiru alikuwa na sigiri yake karibu na yangu pale kwenye banda la kupikia. Severino alikuwa mkulima mkavu, amekonda kama mpini wa jembe. Nilimwonea huruma. Nilimwambia Afisa, huyu mzee sidhani kama atatoka salama.

Walipomrudisha Afisa kutoka chumba cha operesheni, nilifunua shuka nikatafuta kidonda. Niliona bandeji nne ndogo. Nikafunua tena upande wa pili, labda kidonda kiko huko. Drateru akaniambia hakuna kingine, ni matundu manne, na kifuko kimetoka kwa tundu la kitovuni. Sasa mimi nimechinja kuku tangu utoto wangu. Najua ukitaka firigisi itoke lazima umfungue kuku. Tundu lile lilikuwa halipitishi hata njugu, na wananiambia limetoa mfuko wenye mawe. Nilisema ndiyo, sista, na sikuamini hata neno moja.

Afisa alipozinduka hakulia tumbo. Alilia bega.

"Wamenikata bega, Kiden. Angalia."

Niliangalia. Bega lilikuwa zima. Drateru akaeleza kwamba walijaza tumbo hewa ili nyama iinuke wapate kuona, na hewa iliyobaki hupanda na kuumiza bega. Nikafikiri, huyu dada ametuona sisi watu wa Koboko ni watoto.

Jioni ile ile wakamtaka asimame atembee. Hapo nilikasirika kweli. Kwetu mtu aliyepasuliwa analala, tena analazwa, na watu wanamletea kila kitu mpaka aseme basi. Afisa alishika pembe za kitanda.

"Mutu akikatwa tumbo analala," alisema. "Mimi hapana kuwa mwanajeshi."

Waliongeza jingine. Walimpa glavu ya mpira, ile ya mikononi, wakamwambia aipulize ijae, mara nyingi, ili mapafu yake yafunguke. Mwanamke mzima, mwenye kibanda na wateja, amekaa anapuliza glavu mpaka vidole vinasimama kama chuchu za mbuzi. Alipuliza mara mbili akaitupa chini ya kitanda. Nami sikuiokota, kwa sababu niliona aibu kwa niaba yake.

Asubuhi Candiru alikuja bandani akiwa amefunga sufuria zake ndani ya kitambaa.

"Mnahama?" nikamuuliza.

"Tunakwenda nyumbani. Mzee ametembea mpaka getini na kurudi. Anauliza jembe iko wapi."

Nilitoka kwenda kuangalia kwa macho yangu. Severino alikuwa amesimama chini ya jua, mkono juu ya kitovu, anabishana na mtu juu ya njia ya Adumi. Nikarudi kwa Afisa. Afisa alikuwa na homa, kifua kinakoroma, na bandeji ya kitovu imelowa maji yenye mafuta. Daktari mmoja, mashine moja, matundu manne kwa manne. Yule mkavu anakwenda nyumbani na huyu mwenye afya amelala. Nilisimama pale na maziwa mkononi, sielewi dunia imegeuka upande gani.

Kisha daktari akapita. Alikuwa Mzungu mrefu, na Drateru aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa kitanda cha mwisho. Daktari alifunua bandeji, akatikisa kichwa. Akaiona sahani niliyokuwa nimemwandalia Afisa, mbuzi wa simsim na ugali wa muhogo, akatikisa kichwa tena. Akaanza kusema Kiingereza chake. Mimi Kiingereza nilichopata ni cha madarasa matatu ya shule ya misheni, na maneno yale yalinipita kama lori lisilosimama. Moja tu nililidaka, kwa sababu alilirudia, tena akimwelekeza Afisa kidole, kisha akipitisha mkono juu ya mwili wake mwenyewe kutoka kifuani mpaka mapajani. Alisema slim.

Silimu moja tu ndiyo niliyoijua. Nilimwangalia Afisa kama amesikia. Alikuwa amevuta shuka mpaka kidevuni, anaangalia dari.

Miaka ile neno hilo halikuulizwa kwa sauti. Nilimngoja Drateru kwenye bomba la maji, nikijifanya nasugua sufuria.

"Sista, ile kitu dokta alisema. Iko kweli?"

Drateru alishusha pumzi. "Amewaambia? Iko kweli, mama. Watu hawapendi kusikia, lakini heri mjue. Ndiyo sababu mzee ya Adumi amekwenda na huyu wenu iko hapa."

"Iko kwa tumbo peke yake?"

"Tumbo peke yake? Iko kwa mwili yote. Inasumbua moyo, inasumbua mapafu, inasumbua damu."

Nilifunga bomba. "Na sisi watu ya nyumba?"

"Nyinyi iko nyumba moja? Sufuria moja?"

"Moja. Na bwana moja."

"Basi huyo bwana pia mumwangalie. Hii kitu inaingia nyumba yote, pole pole. Lakini asikate tamaa. Akifuata maneno ya dokta, ataishi miaka mingi."

Akaniwekea mkono begani, mwanamke mwema, akaenda zake. Mimi nilibaki nasugua sufuria iliyokwisha takata. Kama Afisa anayo, Sulaimani anayo. Kama Sulaimani anayo, mimi ninayo. Nikaketi kwenye saruji yenye maji. Halafu nikaona jambo baya zaidi: watu wote wataangalia nyumba yetu, wamwone mnene mmoja na mwembamba mmoja, na hakuna atakayejiuliza ni nani aliyeuleta. Hata Afisa mwenyewe. Nilikuwa na hakika kwamba nikiingia wodini ataniuliza, na nilishaanza kutafuta matusi ya kumjibu.

Niliingia. Alikuwa bado anaangalia dari.

"Kiden, mimi nimepungua?"

"Hapana."

"Hata uso?"

"Hata uso."

"Basi lete ile nyama," alisema, na akaila yote, machozi yanamtiririka, bila kuniuliza lolote.

Tulirudi Koboko homa ilipopoa, kitovu bado kinatoa maji. Drateru alituagiza mengi wakati wa kuondoka: atembee, apunguze chakula, arudi kuonyesha kidonda. Niliitikia yote. Moyoni niliona ni maneno wanayoambiwa watu wa kufa ili wawe na la kufanya. Mimi nilikuwa na mpango wangu. Afisa akiendelea kuwa mnene, hakuna atakayesema kitu. Nikapika. Nimepika arusi kadhaa maishani mwangu na sijawahi kupika hivyo. Wageni nao walileta kuku, mayai, simsim, kama ilivyo desturi, na Afisa alikula amelala, akiogopa kupungua kuliko alivyoogopa maumivu.

Wageni walitaka kuona kidonda. Jirani yetu Viktoria aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa tumbo.

"Hii? Hii inapitisha jiwe?" Akatugeukia sote. "Hawa hawakupasua. Walichungulia, wakaona kitu ndani, wakafunga."

Nilimwambia atoke nyumbani kwangu kabla sijamchungulia na yeye. Alitoka. Na mimi nilimfukuza nikiwa naamini alichosema.

Sulaimani, maskini, alizunguka uani akirudia maneno ya redio yake, kwamba matundu madogo hupona haraka. Hatukumwambia chochote, wala mimi wala Afisa. Alituuliza mbona tumekuwa wapole. Ni kweli, hatukugombana tena hata juu ya chumvi.

Kitovu kikaanza kunuka. Nyama ikafunguka kidogo, usaha ukatoka. Mguu mmoja wa Afisa ukavimba kwa kulala, na alikuwa akihema akigeuka tu upande wa pili. Mchana mmoja aliniita, akaniambia nifunge mlango. Alikuwa ameshika ufunguo wa kibanda cha Oraba.

"Chukua," alisema. "Na Yangi na wadogo zake wakae na wewe. Si kwa shangazi, si kwa mutu mwingine. Na wewe."

Hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi. "Kwa nini mimi? Mimi nitakaa wapi? Mimi si nitakufuata?"

Tukatazamana. Hapo ndipo kila mmoja alipojua kwamba mwenzake anajua.

"Na wewe ulisikia dokta," akasema.

"Nilisikia."

"Pole, Kiden."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa pole. Nikamuuliza, tena kwa ukali, mbona hajaniuliza ni nani kati yetu aliyeleta hii kitu nyumbani. Akasema anajua si mimi. Nikamuuliza amejuaje. Alifumba macho akasema amechoka, nimwache. Sikuelewa. Mimi ningekuwa yeye ningeuliza siku ya kwanza, tena mbele ya watu.

Niliketi kando ya kitanda chake na ufunguo wake mkononi, nikaanza kulaumu. Nikamlaumu daktari. Nikasema, mtu gani anamwona mgonjwa wa silimu halafu anachukia akipewa nyama? Hapa Koboko mgonjwa wa silimu anabembelezwa ale. Anaendewa hadi kwa wachinjaji. Huyu anasema tupunguze chakula. Anamwambia mtu wa kufa atembee. Anampa glavu apulize. Nilipofika hapo kichwa changu kikakwama, kama mtu anayesuka mkeka akagundua unyasi mmoja hauna mahali pake. Nikasema, "Afisa, hii kitu hailingani."

"Nini hailingani?"

"Sijui. Inuka. Tunarudi Arua."

Ilibidi Sulaimani na dereva wa pikapu wamwinue pande mbili. Drateru alipofungua bandeji alikunja uso.

"Mama, mimi si nilisema apunguze chakula? Mbona mmemlisha hivi?"

"Mutu ya silimu si anakula?" nikamjibu. Nilikuwa nimechoka kunong'ona. "Mlitaka afe mbio?"

Mkono wa Drateru ukasimama na pamba yake. "Nani iko na silimu?"

"Dokta alisema. Hapa hapa. Na wewe ulisema ni kweli, kwa bomba, ukasema iko kwa damu na itaingia nyumba yote."

Alinitazama, akamtazama Afisa, na niliona uso wake unatafuta njia kati ya kicheko na kilio. Akaketi kwenye kitanda, jambo ambalo wauguzi hawafanyi.

"Damu ya huyu tulipima kabla ya kumkata," alisema. "Iko safi. Mimi kwa bomba nilikuwa nasema unene. Na dokta alisema slim ya Kizungu. Kwa Kizungu hiyo si ugonjwa. Ni kuwa mwembamba. Alisema huyu mama ajaribu kuwa mwembamba, apone."

"Mwembamba namna gani?" nikauliza.

"Kama wewe."

"Kama mimi?"

"Kama wewe kabisa."

Maisha yangu yote hakuna aliyenitolea mfano wa kitu chema kwa mwili huu. Drateru akatueleza pole pole, kama ambavyo angetueleza siku ile laiti ningeutaja ugonjwa kwa jina. Kwamba matundu ni madogo kwa kila mtu lakini kwa mnene yanapita kwenye mafuta mengi, na mafuta hayana damu ya kutosha, kwa hiyo kidonda kinachelewa kushikana na kinaingia uchafu upesi. Kwamba tumbo zito linabana mapafu mtu akilala, na kifua kinajaa, ndiyo maana ya glavu. Kwamba damu inaganda miguuni asipotembea. Kwamba tumbo likiendelea kusukuma, kitovu kitafunguka na utumbo utajitokeza, na itakuwa operesheni nyingine, safari hii ya kisu kirefu.

Afisa alisikiliza yote. "Yaani dawa yangu ni kukonda," akasema.

"Pole pole. Kwa kutembea, na kwa chakula kidogo. Ndiyo."

Afisa alicheka, akashika kitovu kwa maumivu, kisha akalia vile ambavyo sikuwahi kumwona akilia hata Kaya.

"Sista, wewe iko na jua Koboko? Mimi nikikonda, watu watanizika na macho wazi."

Drateru alirudi kwenye pamba yake.

Siku zilizofuata, kidonda kimesafishwa na tumerudi Koboko, Afisa alitembea. Mara ya kwanza ilikuwa mpaka choo cha uani, akirudi amenishika kana kwamba mimi ni nguzo. Baadaye mpaka barabarani, na mwishowe kwenye njia ya Dranya, alfajiri, kabla watu hawajatoka. Alipuliza glavu mpya na watoto wakacheza nayo alipomaliza. Chakula tulikigawa nusu, na ile nusu ya pili niliila mimi ili wageni waone sahani tupu. Sikunenepa hata kidogo. Kitovu kikakauka, usaha ukaisha, nyama ikafunga. Mguu ukashuka. Alikuwa anapona mbele ya macho yangu, na kila alivyopona ndivyo alivyozidi kufanana na mtu mgonjwa.

Alipotaka kurudi kibandani aliniita asubuhi na vitenge vyake mkononi. Nikamzungushia kimoja kiunoni, kingine juu yake, cha tatu kifuani, halafu gauni. Nikafunga, nikapiga hatua nyuma nikaangalia.

"Trela imerudi?" akauliza.

"Imerudi. Usiiname tu."

Tukaishi hivyo. Kila asubuhi namfunga, kila jioni namfungua, jasho limeloweka tabaka zote. Madereva walimwita Mama Trela kama kawaida. Lakini mwili unaweza kuufunga, shingo huwezi, na Viktoria alikuwa na macho ya shingo. Kwanza wanawake walipunguza kununua chapati. Kisha kikombe chake cha chai kikawa hakiguswi na mwingine. Hatukusema kitu. Ungesema nini? Kwamba daktari amemwagiza awe hivyo? Ungechekwa mpaka Kaya.

Ndipo Sulaimani aliponijia jikoni. Hakuwa mtu wa kuingia jikoni. Alisimama anachezea kifuniko cha sufuria.

"Kiden. Niambie. Afisa iko na ile kitu?"

Tulikuwa tumemweleza habari ya daktari na neno lake. Alikuwa amesikia na kutikisa kichwa, lakini maneno ya soko yalikuwa yameingia zaidi. Aliniambia watu wanamshauri amrudishe Afisa kwa ndugu zake Dranya, apumzike huko. Hasira niliyokuwa nimeibeba tangu kwenye bomba la Arua ilitoka yote.

"Mimi niko hivi tangu uliponioa. Miaka yote hiyo soko inasema juu yangu. Mbona mimi hukuuliza?"

Alirudisha kifuniko mahali pake.

"Niliuliza," akasema. "Nilimuuliza Afisa."

"Lini?"

"Mara nyingi. Watu waliniambia nikurudishe kwenu, upande wa Kaya. Akasema, huyu alikuwa hivi kwa Kaya, mimi naona na macho yangu. Akasema nikikurudisha, nirudishe nyinyi wawili."

Moshi ulikuwa unaniingia machoni, nikauacha. Mwanamke niliyegombana naye juu ya chumvi, juu ya sufuria, juu ya zamu. Hajawahi kuniambia.

"Basi na wewe sikia," nikamwambia Sulaimani. "Huyu naye nilimwona Kaya. Alikuwa mwembamba kuliko leo, na hakufa. Ukimrudisha, rudisha sisi wawili."

Nikamwacha na sufuria zangu. Afisa alikuwa chumbani amesimama, mikono ameinua, anangoja nimfunge kama kila asubuhi. Nilivichukua vitenge vyote, nikavikunja kimoja kimoja, nikavitia sandukuni.

"Unafanya nini?" akasema. "Watu watasema."

"Waseme sisi wawili," nikamwambia. "Vaa gauni, tunachelewa Oraba."